Mashua ya Mpira Yenye Kitako Kigumu

Bila shaka umepata kuwaona watoto wakielea mtoni au ziwani juu ya mpira wa ndani wa gurudumu la gari. Mpira ule humbeba mtoto bila taabu, hata akitikisika. Lakini jaribu kuupigia kasia ili uende mbali, nao utazunguka pale pale kama pia. Sasa fikiri juu ya dau la mbao. Dau hukata maji na kwenda moja kwa moja, lakini likijaa maji huwa zito, na watu waliomo huingia hatarini. Katika somo hili tutajifunza habari za chombo kilichounganisha sifa njema za vyote viwili. Chombo hicho ni mashua ya mpira yenye kitako kigumu.

Kwa nini mpira huelea?

Chukua chupa tupu ya plastiki ya lita 1, uifunge vizuri kwa kifuniko chake. Izamishe yote kwa mkono katika ndoo ya maji. Wasikia nini? Maji yanaisukuma chupa juu kwa nguvu. Chupa hiyo imechukua nafasi ya lita 1 ya maji, na lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Kwa hiyo maji yanaisukuma kwa nguvu iwezayo kubeba kilo 1. Chupa yenyewe ni nyepesi sana, na hewa iliyomo ni nyepesi zaidi; basi karibu nguvu yote hiyo yaweza kubeba mzigo.

Mashua tunayoisoma imezungukwa ubavuni na maboya marefu, mfano wa soseji kubwa, yaliyojazwa hewa. Maboya yakiwa na ujazo wa lita 600, yaweza kubeba karibu kilo 600 kabla ya kuzama, ukitoa uzito wake yenyewe. Ndiyo sababu mashua hiyo, hata ikijaa maji hadi ukingoni, haizami.

Maboya hutengenezwa kwa kitambaa imara cha nailoni kilichopakwa mpira au plastiki. Ndani yake mna kuta zinazoyagawa katika vyumba kadhaa, na kila chumba kina tundu lake la kujazia hewa. Mwiba au mwamba ukitoboa chumba kimoja, vingine hubaki na hewa yake. Usidhani kwamba maboya hujazwa sana kama tairi. Upepo wa tairi la gari una kani kubwa kama mara 10 kuliko ule wa maboya. Lakini mtunzaji lazima ayaangalie kila siku, maana hewa ikipata joto hutanuka, na ikipoa husinyaa. Mashua iliyoanikwa juani tangu asubuhi maboya yake hukaza sana; ikiingizwa katika maji ya baridi hulegea.

Ilivyoanza

Mwaka 1962 kilifunguliwa Chuo cha Atlantic katika ngome ya kale ya St Donat's, pwani ya Wales, Uingereza. Bahari ya huko ina maji kujaa na kupwa kwa kiasi kikubwa mno, na mkondo wake ni mkali. Wanafunzi, waliotoka nchi mbalimbali, walifundishwa pamoja na masomo yao kazi ya kuokoa watu baharini. Walitumia mashua za mpira mtupu. Kila zilipovutwa pwani, mawe yalizikwaruza na kuzichana kitako.

Mkuu wa chuo, Desmond Hoare, aliyekuwa admeri katika jeshi la maji la Uingereza, alitafuta dawa pamoja na wanafunzi wake. Walikiondoa kitako cha mpira, wakagundisha ubao mwembamba mahali pake. Mawe hayakuuweza ubao. Hata hivyo palizuka tatizo jingine: ubao ulikuwa bapa, na mashua ilipokwenda kasi iliyapiga mawimbi kama kofi, ikawatikisa vibaya waliopanda. Basi wakatengeneza kitako kingine, kilichochongoka kidogo upande wa omo. Mwaka 1964 mashua ya namna hiyo ilionyeshwa mbele ya Shirika la Kifalme la Mashua za Uokoaji, ambalo limekuwa likiokoa watu katika bahari za huko tangu mwaka 1824.

Wanafunzi na mkuu wao waliendelea kujenga, kujaribu, kuvunja na kujenga tena. Mwaka 1969 Hoare alipata hatimiliki ya uvumbuzi huo, akaliachia Shirika kwa pauni 1 tu. Mwaka 1972 Shirika lilianza kutumia mashua iliyoitwa Atlantic 21, kwa jina la chuo kile. Iliendeshwa na watu watatu, iliweza kwenda zaidi ya kilometa 50 kwa saa, na nyuma ilikuwa na mfuko uliojazwa gesi ili kuiinua mashua ikipinduka. Siku hizi mashua za aina hii hutumiwa na waokoaji, wapiga mbizi na askari wa majini katika nchi nyingi.

Mwendo wake majini

Tazama jinsi kisu kinavyokata papai, kisha ulipige papai hilo hilo kwa ubapa wa kisu. Kitako cha mashua hii kimechongwa kama herufi V, nacho huyakata mawimbi kama makali ya kisu. Kadiri V ilivyo kali, ndivyo abiria wanavyotikisika kidogo. Lakini hakuna faida isiyo na gharama: kitako chenye V kali huhitaji nguvu zaidi ya mashine kuliko kitako bapa. Mafundi huchagua kufuatana na bahari chombo kitakamofanyia kazi.

Mashua ikienda polepole huyasukuma maji mbele yake na kutengeneza wimbi. Mwendeshaji akiongeza nguvu, omo huinuka, na mashua huwa kama inajaribu kupanda kilima cha maji ilichokitengeneza yenyewe. Akiongeza zaidi, mara huvuka kilima hicho, ikalala sawa, ikaanza kuteleza juu ya maji. Sasa maboya yametoka majini, na ni sehemu ndogo tu ya kitako inayogusa maji. Msuguano hupungua. Mashua ikikata kona, hulala upande. Hapo boya la upande ule hugusa maji na kuizuia isipinduke. Mvuvi wa pwani yetu ataitambua kazi hiyo mara moja, kwani matengo ya ngalawa yake hufanya vivyo hivyo.

Mafuta

Hapa ndipo hesabu inapookoa maisha. Tuseme mashua ina lita 90 za petroli. Mabaharia hufuata desturi hii: theluthi ya mafuta ni ya kwendea, theluthi ya kurudia, na theluthi huwekwa akiba kwa ajili ya dhoruba au kupotea njia. Basi ana lita 30 za kwendea. Habari inafika kwamba mtumbwi umepinduka kilometa 40 kutoka pwani, na watu wameushikilia.

Tuseme tena kwamba mashua hiyo ikienda kilometa 9 kwa saa hutumia lita 3 kwa saa. Kwa mwendo huo kila lita huipeleka kilometa 3. Mafuta yatatosha sana, lakini itachukua karibu saa 4 na nusu kufika. Ikienda kilometa 15 kwa saa, omo ikiwa imetazama juu, hutumia lita 15 kwa saa, yaani kilometa 1 tu kwa lita. Itahitaji lita 40. Huu ndio mwendo mbaya kuliko yote, maana mashine inapanda kile kilima cha maji safari nzima. Ikiteleza kwa kilometa 45 kwa saa, hutumia lita 30 kwa saa. Kila lita huipeleka kilometa 1 na nusu. Itafika kwa dakika 53 hivi, kwa lita 27 hivi. Je, mwendeshaji aongeze mwendo hadi kilometa 60 kwa saa, ambapo mashine hunywa lita 50 kwa saa? Atafika kwa dakika 40, lakini atatumia lita 33, na atakuwa ameanza kula mafuta ya kurudia.

Mambo mengine pia hupoteza mafuta. Mzigo ukirundikwa wote nyuma, omo huinuka na mashua hushindwa kuteleza. Maboya yaliyolegea huburuta majini. Mwani na viumbe vyenye magamba vikiota kitakoni huongeza msuguano. Rafadha, yaani pangaboi linalozunguka majini, likipinda ncha hata kidogo, hupoteza nguvu. Mashine zenyewe si sawa: zile za mipigo miwili ya namna ya zamani hutoa nje petroli isiyoungua, kwa hiyo zile za mipigo minne hutumia mafuta kidogo zaidi.

Jambo moja usilisahau ukipata kupanda mashua hii. Mwendeshaji hujifunga kamba fupi iliyounganishwa na mashine. Akirushwa majini, kamba huchomoka na mashine huzimika palepale. Bila kamba hiyo mashua yaweza kuzunguka na kumrudia yeye mwenyewe, rafadha ikiwa mbele ya macho yake.

Zoezi

1. Maboya ya mashua yana vyumba 5 vilivyo sawa, na jumla ya ujazo ni lita 750. Vyumba 2 vimetobolewa. Maboya yaliyobaki yana ujazo wa lita ngapi? Je, yaweza kubeba watu 6 wenye kilo 60 kila mmoja, ikiwa mashua na mashine vinaongeza mzigo wa kilo 150?

2. Katika mfano wa lita 90, ikiwa mtumbwi umepinduka kilometa 50 kutoka pwani, ni mwendo upi wewe ungeuchagua? Mweleze mwenzako sababu zako, naye akupinge akiweza.