Makazi ya Mwaka Mmoja na Haki ya Rufaa

Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeilazimu dola kuwakimu wale wasioweza kujikimu. Na katika kuitekeleza dhima hiyo, Serikali, tangu mwaka 2011, huwapa watu wenye ulemavu mkubwa, wanaohitaji kuangaliwa usiku na mchana, ruzuku ya shilingi 2,000 kwa mwezi chini ya mpango wa Inua Jamii, nayo hupokewa na mlezi kwa niaba yao.

Miongoni mwa masharti yake, pamoja na ufukara wa nyumba na kutopokea pensheni, limo sharti la kukaa katika lokesheni muda usiopungua mwaka mmoja. Hoja yake naielewa, kwani majina hupitishwa barazani mbele ya majirani, na mgeni hana wa kumshuhudia. Walakini sharti hilo hulemea mno familia zinazohama. Kijana akipooza huko Mlolongo, nduguze wakamrudisha kwa mamake Mwala apate wa kumgeuza na kumlisha, kule huwa hayupo tena na huku huambiwa hajatimiza mwaka, ilhali nyumba inayombeba imekaa hapo miaka na miaka. Kwa rai yangu, makazi ya kuhesabiwa yapasa kuwa ya nyumba ile, na hilo ndilo la kudaiwa katika rufaa.

Mlezi na ajipatie barua ya chifu yenye tarehe ya kuwasili, aambatanishe kadi ya kliniki na hati ya tathmini ya ulemavu, kisha apeleke malalamiko yake kwa kamati ya ustawi wa walengwa na kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, abaki na nakala. Aulize bayana: amekataliwa kwa kutostahiki, au kwa kuwa nafasi zimejaa? Majibu hayo mawili hayana rufaa moja. Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya mwaka 2015 humpa afisa miezi mitatu kutoa sababu kwa maandishi. Asipozitoa, mahakama huchukulia kwamba uamuzi haukuwa na sababu njema, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa mlezi wa Mwala, Mahakama Kuu ipo Machakos, ila aghalabu hutaka njia za ofisini zimalizwe kwanza. Na kabla ya kuifikia, Ombudsman hupokea malalamiko bila ada.

Basi, ewe mlezi, usiondoke ofisini kwa jawabu la mdomo: omba karatasi yenye sababu, tarehe na sahihi.