Kutoka Shinkolobwe hadi kwenye nyota: swali la Fermi bado halina jibu

Karibu kilomita 20 kutoka mji wa Likasi, jimbo la Haut-Katanga, kuna mgodi ambao historia yake inagusa hata wataalamu wa nyota. Ni Shinkolobwe. Uraniamu yake iligunduliwa mwaka wa 1915, na mawe mengine yalikuwa na oksidi ya uraniamu hadi asilimia 65. Migodi mingi ya dunia haifikishi hata asilimia moja.

Mwaka wa 1940, Edgar Sengier, mkubwa wa kampuni Union Minière, alituma zaidi ya tani 1.200 za mawe hayo New York ili Wajerumani wasiyakamate. Wamarekani waliyanunua mwaka wa 1942. Sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu lililoangushwa Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka Katanga. Wafanyakazi Wakongomani walioyachambua kwa mikono hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Hata Wamarekani wengi hawakujua.

Katika kazi hiyo alikuwemo Enrico Fermi, Mwitaliani aliyeongoza jaribio la kwanza la kuwasha na kudhibiti nguvu ya atomu, Chicago, Desemba 1942. Mwaka wa 1950, akila chakula cha mchana na wenzake huko Los Alamos, ambako bomu lilitengenezwa, aliuliza kuhusu viumbe wa sayari nyingine: wako wapi? Galaksi yetu ina nyota zaidi ya bilioni 100, nyingi zikiwa na umri kuliko jua letu. Kama wenye akili ni wengi, mbona kimya?

Mwaka wa 1961, Mmarekani Frank Drake aliandika hesabu yenye vipimo saba vya kukadiria idadi yao. Cha mwisho ndicho kinachosumbua: jamii yenye ufundi wa redio inadumu miaka mingapi kabla ya kuzimika? Mfano tulio nao ni mmoja tu, sisi wenyewe, na bomu tunalo miaka 80 hivi.

Kuna wanaosema elimu inayofikisha mtu kwenye nyota ndiyo hiyo hiyo inayompa uwezo wa kujimaliza. Wengine wanajibu kwamba tumetafuta muda mfupi: kusikiliza kwa redio kulianza mwaka wa 1960. Mimi naona hao wa pili wana haki ya kusubiriwa.

Elimu hiyo ilifika hata kwetu. Mwaka wa 1959, chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa, kiliwasha kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika, kwa ajili ya utafiti. Shinkolobwe ilifungwa kwa amri ya rais mwaka wa 2004. Wachimbaji wa mikono waliendelea kuingia.