Moyo wa Mtunga Riwaya

Riwaya ni hadithi ndefu ijazayo kitabu kizima. Watu wengi huzisoma kwa furaha, na baadhi yao huingiwa na hamu ya kutunga ya kwao. Waanzao ni wengi, wamalizao ni wachache. Aghalabu kinachowarudisha nyuma si upungufu wa akili, wala si ukosefu wa karatasi, bali ni hofu. Kijana wa Dodoma mwenye nia hiyo hujiambia ya kuwa Kiswahili chake si cha pwani; ya kuwa nchi yake ni kame, haina bahari wala majahazi wala majumba ya masultani ya kusimuliwa; na ya kuwa watu watamcheka. Basi huandika kurasa nne, akazitazama, akazitia moto.

Mtu mmoja wa nchi hiyo hiyo alikuwa na sababu zote hizo za kuogopa, hata hivyo akaandika. Jina lake Mathias Mnyampala. Alizaliwa mwaka 1917 pande za Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, nao ulikuwa wakati mbaya sana. Vita Kuu ya kwanza ilikuwa imepita katika Ugogo. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe na nafaka, yakachukua na vijana kuwa wapagazi, kisha mvua ikakosa kunyesha. Njaa iliyofuata Wagogo huiita Mtunya, nayo haikwisha ila karibu na mwaka 1920. Watu wengi walikufa, na wengine wengi wakahama. Mtoto aliyezaliwa siku zile hakutazamiwa kuwa mtunga vitabu; kuishi tu kulikuwa jambo kubwa.

Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kigogo. Kiswahili alikuja kukijua baadaye, kama wajuavyo watu wa bara. Mwaka 1928 wakuu wa elimu walikutana Mombasa, wakakubaliana kwamba Kiswahili cha Unguja ndicho kiwe kipimo cha vitabu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kukisimamia. Mbele ya kipimo hicho Mgogo alikuwa mgeni, na Mnyamwezi na Mhaya vivyo hivyo. Lakini ugeni huo si hasara tupu. Mwenye lugha huitumia bila kuitazama, kama mtu atumiavyo mkono wake. Aliyejifunza lugha hulipima kila neno kabla ya kulitoa, na kazi ya mwandishi ni hiyo hiyo ya kupima maneno. Mnyampala alifika mbali katika kazi hiyo, hata akawa mmoja wa viongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, ambamo walikuwamo washairi wa pwani waliozaliwa katika lugha yenyewe.

Jambo la kuangaliwa sana ni kwamba kitabu chake cha kwanza kilichojulikana hakikuwa riwaya. Alikuwa mtu wa kazi: mwalimu, kisha karani, kisha liwali, na baada ya uhuru hakimu. Katikati ya kazi hizo aliandika habari za watu wake. Mwaka 1954 kitabu chake, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kilitolewa na East African Literature Bureau, ofisi ya vitabu iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1948. Nyingi za habari zile zilikuwa vinywani mwa wazee. Habari za namna hiyo hukusanywa kidogo kidogo: kuuliza asili ya ukoo huu na ukoo ule, kulinganisha mzee na mzee, kuandika, kufuta, kuandika tena. Mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo hajiulizi tena kama aweza kujaza kitabu.

Miaka 7 baadaye, mwaka 1961, ndipo ilipotokea hadithi yake iitwayo Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili. Jina hilo lastahili kufikiriwa kidogo. Kurina asali ni kazi ijulikanayo sana katika nchi ya kati, hasa katika misitu ya magharibi, upande wa Manyoni na Itigi. Mizinga hutundikwa juu ya miti. Mrinaji hupanda na moshi wake, nyuki wakapoa, naye akakata masega bila haraka, maana mwenye pupa huumwa. Mtunzi wa Dodoma atakaye kueleza dhoruba ya baharini hana budi kuomba maneno kwa wengine, na msomaji hutambua mara moja. Lakini akieleza harufu ya moshi katika nguo za mrinaji, au mlio wa ng'ombe wakirudi jioni chini ya mibuyu, au macho ya mkulima wa uwele atazamaye mbingu mwezi wa Desemba, hapo haombi kwa mtu. Ujasiri wa kalamu hutoka zaidi katika kujua jambo kuliko katika kusifiwa.

Hata hivyo ujuzi peke yake hauwezi kumaliza kitabu. Msimulizi wa ngano jioni huona nyuso za wasikiaji, nao humwitikia. Mwandishi hukaa peke yake miezi mingi, asione uso wa mtu. Upweke huo ndio unaozaa hofu. Dawa yake ni ya zamani: sura moja ikiisha, isomwe kwa sauti mbele ya bibi au wadogo wa nyumbani. Wakipiga miayo, sura ina ugonjwa, wakiuliza, "Ikawaje?", mwandishi amepata nguvu ya mwezi mzima. Na ajiwekee kipimo kidogo asichoweza kukikimbia. Ukurasa mmoja kila siku ni kurasa 365 kwa mwaka, nazo ni nyingi kuliko zinazohitajiwa na riwaya nyingi.

Kuna na jaribu la kungoja. Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe alimaliza riwaya yake kubwa mwaka 1945, kwa Kikerewe, ili desturi za watu wake zisipotee. Hakupatikana mtu wa kuichapisha kwa lugha hiyo. Mzee akaketi akaifasiri yote mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikapigwa chapa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki dunia.

Mnyampala alifariki mwaka 1969. Vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitolewa mwaka 1970 na 1971, na ngonjera zikaenea katika shule, watoto wakisimama mbele ya wenzao kujibizana kwa mashairi. Kitabu chake cha Wagogo kilifasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1995. Wazee wa siku zile hawako tena.