Gidoni ya njia ya Hombo

Hapa Itebero kitu cha kwanza kupinda kwenye pikipiki mpya ni gidoni, lile bomba la usukani, na ndicho cha mwisho ambacho mwenyewe anakubali kukinunua. Atabadilisha mnyororo bila kunung'unika, tairi atachukua kwa deni, lakini gidoni iliyopinda ataishi nayo miezi na miezi, mkono mmoja juu kuliko mwingine, bega likimuuma kila usiku. Mimi ni fundi, na kabla ya ufundi nilikuwa motari, dereva wa pikipiki ya abiria, kwenye njia hii hii, kwa hiyo najua anachojiambia: pikipiki si inatembea? Nataka kumwambia kwamba gidoni ndiyo inayomrudisha nyumbani, na kwamba kuibadilisha ni kazi anayoweza kuifanya mwenyewe uani kwake, kwa spana chache na uvumilivu wa asubuhi moja.

Barabara yetu ni ya Taifa namba 3. Inatoka Bukavu, inapita Miti, Bunyakiri na Hombo, inaingia kwetu Bakano, halafu inaendelea Walikale na Lubutu kuelekea Kisangani. Mvua hapa haina msimu wa kupumzika sana. Lori likizama kwenye tope, kila kitu kinahamia kwenye pikipiki: mawese ndani ya bidoni za manjano, mpunga, ndizi, mabati, godoro, mgonjwa anayepelekwa hospitali akiwa amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva. Motari akianguka, na hakuna asiyeanguka, ncha ya gidoni ndiyo inayotangulia kupiga chini.

Basi jioni ananijia kijana, pikipiki imejaa tope hadi kwenye taa. "Fundi, uninyooshee tu, na hapo uchomelee kidogo. Kesho niko na safari ya Hombo." Namjibu, "Mdogo yangu, kesho hiyo utambeba nani?" Akiniambia ni mama mjamzito au ni mtoto wa shule, ndiyo naanza kumweleza.

Gidoni ya TVS au Bajaj, pikipiki za India zilizojaa njia hii, ni bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 22, na ukuta wake ni mwembamba, kama milimita 2 tu. Bomba hilo likipinda, chuma cha pale kwenye kunjo kinabadilika: kinakuwa kigumu, hakina tena ulaini wa kuvumilia. Ukilinyoosha unalikunja mara ya pili palepale. Baada ya hapo mtetemo wa injini na mapigo ya mashimo vinafanya kazi yake, na ufa unaanza ndani ambako jicho halifiki. Kuchomelea hakuponyi. Moto wa elektrodi unadhoofisha chuma cha pembeni, ndiyo maana gidoni iliyochomelewa mara nyingi haikatiki juu ya kiungo chenyewe, inakatika kidole kimoja kando yake. Nimemwona mtu akibaki na kipande cha gidoni mkononi juu ya daraja la magogo, pikipiki ikaenda mtoni na bidoni zote, yeye akavunjika mguu. Kiungo cha mchomeleaji kilikuwa kizima kabisa.

Kuna madhara mengine ambayo wachomeleaji wengi hawayasemi. Wakichomelea gidoni ikiwa bado juu ya pikipiki, umeme wa jenereta unatafuta njia ya kurudi na unaweza kupita kwenye beringi za shingo ya usukani. Gololi za beringi zinaungua kidogo kidogo. Baada ya muda unasikia gidoni "inaingia" kwenye kishimo kila ikifika katikati, na pikipiki haikubali tena kwenda sawa bila kusukumwa. Hapo umeokoa bei ya gidoni ukaharibu shingo.

Kwa hiyo kagua kwanza. Chukua kitambaa chenye petroli kidogo, ufute gidoni nzima, hasa pale inapobanwa na vishikizo juu ya foku. Legeza vishikizo uangalie na chini yake, kwa sababu maji hukaa hapo na kutu inakula kimyakimya. Kromu ikiwa imebanduka kwa mistari inayozunguka bomba, ujue bomba liliwahi kupinda hata kama leo linaonekana limenyooka. Hiyo itoe.

Dukani, kama ni Bukavu, Goma au kwa mfanyabiashara aliyeleta mzigo kijijini, nenda na gidoni ya zamani mkononi. Linganisha upana, kimo, na kiasi ncha zinavyorudi nyuma kuelekea kwa dereva. Ilaze ile mpya juu ya meza ya kioo uone kama pande zote mbili zinalingana. Na tafadhali usikubali bomba la maji. Kuna mafundi wanaokunja bomba la maji la nusu inchi na kulipaka rangi nyeusi, linapendeza. Lakini bomba hilo kwa nje lina milimita 21.3, si 22. Vishikizo haviwezi kulibana sawasawa, basi wanazungushia kipande cha kopo la maziwa ili lijae. Ukipiga shimo kubwa, gidoni inazunguka ndani ya vishikizo na mikono yako inakwenda chini nayo. Kopo la maziwa ukilikuta pale kwenye pikipiki uliyonunua, kazi ianze siku hiyo hiyo.

Zipo pia za alumini. Waingereza wawili, Andrew Renshaw na Henry Rosenthal, walianza mwaka 1969 kutengeneza gidoni za alumini kwa ajili ya mashindano ya pikipiki, na majina yao yaliyounganishwa ndiyo Renthal inayosomeka kwenye stika hadi leo. Ni vitu vizuri, vyepesi. Ila stika hiyo nimeikuta imebandikwa juu ya chuma cha kawaida, kwa hiyo beba sumaku mfukoni: ikinasa, si alumini. Alumini iliyopinda hainyooshwi kabisa.

Sasa kimo, maana hapo ndipo wamotari wanaponiuliza zaidi. Pikipiki hizi zilichorwa kwa mtu aliyekaa katikati ya kiti. Motari wetu hakai hapo. Akipakia abiria wawili na bidoni nyuma, anasukumwa mbele mpaka anakalia tanki. Viwiko vinakunjika hadi kwenye mbavu, na akikata kona ncha ya gidoni inamgonga goti. Kwa mtu huyo gidoni ya juu zaidi, inayorudi nyuma kiasi, si urembo. Inampa nafasi ya kugeuza usukani akiwa na mzigo, na inamruhusu kusimama kwenye vikanyagio tope linapozidi. Sentimita 3 au 4 za nyongeza mara nyingi kebo za kiwandani zinazivumilia ukizipitisha upya vizuri. Ukizidisha, nunua kebo ndefu za klachi, za mafuta na za breki, na kama breki yako ya mbele ni ya diski, mpira wa maji ya breki nao lazima uwe mrefu. Usiuvute.

Anza kazi kwa kuegesha pikipiki kwenye stendi ya katikati, mahali palipo sawa, na ufunike tanki kwa blanketi. Piga picha kwa simu kila upande, uone kebo ipi inapita mbele ya ipi. Toa vioo, kisha legeza mkono wa klachi, swichi za pande zote mbili, na mkono wa mafuta. Kikopo cha maji ya breki, kama kipo, kifunge wima kwa kamba, kisipinduke, hewa isiingie. Raba ya kushikia ya kushoto inang'ang'ania. Ingiza bisibisi nyembamba chini yake, mimina maji ya sabuni, zungusha, itatoka. Raba ya kulia ina tundu kubwa zaidi kwa kuwa inavaa juu ya bomba la mkono wa mafuta, usizichanganye. Halafu fungua bolti nne za vishikizo, kwa spana ya 12 au alenki ya 6 kulingana na pikipiki, na unyanyue gidoni.

Kabla hujaweka mpya tazama ndani ya nyumba ya swichi. Utaona kipini kidogo cha plastiki au chuma. Kipini hicho kinaingia katika tundu lililotobolewa kwenye gidoni ili swichi isizunguke. Gidoni nyingi za dukani hazina tundu hilo, na fundi mwenye haraka anakikata kipini. Wiki inayofuata unabonyeza honi, na nyumba nzima ya swichi inageuka mkononi, waya zinanyongeka ndani. Afadhali kutoboa. Ishikize gidoni mpya kwa muda, kaa kwenye pikipiki kama unavyokaa ukiwa na mzigo, panga swichi pale kidole gumba kinapofika bila kunyooshwa, weka alama kwa msumari, kisha toboa kwa kipekecho kinacholingana na kipini, ukuta mmoja tu wa bomba. Piga tupa kingo za tundu.

Kwenye vishikizo gidoni nyingi zina alama ndogo ya nukta, nayo ikae sawa na mstari wa kishikizo. Kaza bolti zote nne kwa mkono kwanza. Kwa pikipiki nyingi bolti za mbele ndizo zinazokazwa hadi mwisho kabla ya za nyuma, mwanya ubaki upande wa nyuma. Nguvu inayotakiwa ni kama newtonimita 20 hadi 25. Huna spana ya kupima? Chukua spana yenye urefu wa sentimita 20: nguvu hiyo ni karibu sawa na kuning'iniza bidoni ya lita 20 iliyojaa maji nusu mwishoni mwake. Vijana wetu wanapanda juu ya spana kwa mguu, bolti inakatika ndani ya alumini ya kishikizo, na sasa tunatafuta kishikizo ambacho hakipo hadi Bukavu.

Mikono ya klachi na breki usiikaze kupita kiasi. Iache ibanwe kiasi cha kwamba ukianguka igeuke badala ya kuvunjika. Ielekeze chini kidogo, vidole viwe vimenyooka na kiganja ukiwa umekaa. Kwenye mkono wa klachi acha ulegevu wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha, na mkono wa mafuta uzunguke milimita 2 hadi 6 kabla ya kuvuta.

Kipimo ambacho sikubali kukiruka ni hiki. Washa injini ikiwa huru, iache ingurume polepole, kisha geuza gidoni hadi mwisho kushoto, halafu hadi mwisho kulia. Mlio ukipanda hata kidogo, kebo ya mafuta imevutika. Pikipiki hiyo ikifika kona kali ya kushuka, itajiongezea mafuta yenyewe. Zima, pitisha kebo upya, rudia. Hakikisha pia kwamba ukiuachia mkono wa mafuta unarudi wenyewe kwa mshindo, na kwamba gidoni haigusi tanki. Baadaye simama mbele ya pikipiki, bana gurudumu kati ya magoti, na usukume gidoni kwa nguvu. Isisogee.

Mapambo sina ugomvi nayo. Nyuzi za rangi kwenye ncha, maua ya plastiki, redio ndogo, kinga za mikono zilizokatwa kutoka kwenye bidoni kuukuu: hizo za mwisho nazipenda, matawi ya msituni yanachana vidole. Ile nondo ya kuvuka katikati wanayoichomelea vijana ili "iipe gidoni nguvu" ndiyo ninayoikataa. Inayofungwa kwa vibano na bolti inafanya kazi hiyo hiyo bila kuchoma chuma. Wanaokata ncha ili wapite njia nyembamba za machimbo wasizidi sentimita 2 kila upande, maana ukifupisha gidoni unapoteza nguvu ya kugeuza gurudumu lililozama. Na wazibe ncha. Bomba lililoachwa wazi, mtu akiliangukia kwa tumbo, linakata nyama. Mzigo usiutundike kwenye gidoni hata kama ni kuku wawili tu na mfuko wa chumvi, unayumba na kuuvuta usukani kila kwenye gogo la daraja.

Ukifika Hombo shuka, toa spana, kagua bolti nne, kwa sababu safari ya kwanza inazilegeza. Gidoni ya zamani mimi naikata vipande viwili kwa msumeno mbele ya mwenyewe. Nikiiacha nzima nje ya karakana, kabla ya Jumamosi kutakuwa na mtu ameinunua kwa faranga chache na ameipeleka kwa mchomeleaji.