Kusoma Saa kwa Kiingereza

Mtoto wa Fizi au wa Baraka hukua na hesabu mbili za saa. Nyumbani husikia kwamba ni saa moja asubuhi. Shuleni mwalimu wa Kifaransa huiita saa ile ile "sept heures", yaani saba. Akivuka Ziwa Tanganyika hukutana na hesabu ya tatu, ile ya Kiingereza.

Tangu vita vya mwaka 1996 wengi wa ndugu zetu wamevuka ziwa hilo. Wamekaa Nyarugusu na kambi nyingine za mkoa wa Kigoma, na baadhi yao wamefika hata Marekani. Huko karatasi ya kuitwa hospitali au ofisini huandikwa 9:00 a.m. Mtu akiisoma tarakimu hiyo kwa Kiswahili atafika saa tisa alasiri, naye aliyemwita alimngoja tangu saa tatu asubuhi. Pengine nafasi yake amekwisha kupewa mwingine.

Tofauti yatoka wapi? Sisi twaanza kuhesabu jua linapochomoza, na karibu na Ikweta jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Waingereza huanza usiku wa manane, kisha huanza tena adhuhuri. Basi tofauti ni sita daima. Hata Injili huhesabu kama sisi: vibarua wa mwisho katika shamba la mizabibu waliajiriwa saa kumi na moja, jioni; naye Bwana Yesu alikufa saa tisa, alasiri. Mswahili huelewa mara moja, lakini Mwingereza hana budi kuelezwa kwamba "ninth hour" ni "three o'clock".

Sasa tuisome saa kwa sauti. Saa kamili hupewa neno "o'clock", nalo hutamkwa oklok: saa moja ni "seven o'clock". Neno hilo halitumiki pamoja na dakika. Dakika zikipita saa, hadi nusu, twasema "past". Zikipungua, twasema "to". Saa moja na robo ni "a quarter past seven". Saa moja na nusu ni "half past seven". Katika "half" herufi l haisikiki. Saa mbili kasoro robo ni "a quarter to eight".

Angalieni mpango wa maneno. Kiswahili na Kifaransa hutaja saa kwanza, kisha dakika; Kiingereza hutaja dakika kwanza. Anayeona njia hiyo ni ngumu asome tarakimu zilivyo: 7:45 ni "seven forty-five". Ataeleweka kila mahali.

Wanafunzi wetu wajihadhari na jambo moja. Kifaransa husema "quatorze heures", lakini Mwingereza hasemi "fourteen o'clock". Husema "two o'clock in the afternoon", yaani saa nane mchana. Katika maandishi, a.m. ni tangu usiku wa manane hadi adhuhuri, na p.m. ni tangu adhuhuri hadi usiku wa manane. Saa sita mchana iitwe "noon", na saa sita usiku "midnight". Hapo hakuna atakayekosea.

Tena, mwenye safari akumbuke ziwa lenyewe. Saa ya Kigoma imetangulia ya Baraka kwa saa nzima, na ya Baraka imetangulia ya Kinshasa vilevile. Kengele ikilia saa mbili Baraka, Kigoma ni saa tatu, na Kinshasa ni saa moja. Kwa hiyo kujua maneno hakutoshi. Yafaa kuuliza pia ni saa ya wapi.

Wazazi, jioni waulizeni watoto: "Ni saa ngapi?" Nao wajibu kwa lugha zote tatu. Siku karatasi itakapoletwa, mtoto ataisoma, na baba au mama atafika kabla mlango haujafungwa.