Sharti, si Kizuizi: Juu ya Istilahi ya Kuunganisha Vipande katika Usanifu wa Kompyuta

Anayetaka kueleza kwa Kiswahili jinsi mashine inavyounganishwa ndani ya kompyuta, kabla haijaundwa karakanani, hukutana mapema na dhana moja ngumu: ile ya kukifunga kipande kwa kingine ili mahali pa kimoja pafuate mahali pa mwenziwe. Mfasiri mwenye haraka huiita kizuizi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hilo linapotosha, na kwamba lugha yetu inalo neno lifaalo zaidi, nalo ni sharti.

Na tutwae mfano wa bawaba ya mlango, yenye mabamba mawili na pini. Kitu kigumu kilichoachwa huru kina miendo sita: mitatu ya kusogea (mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini) na mitatu ya kuzunguka. Bamba la kwanza, pamoja na pini, hukazwa likawa msingi. Kwa lile la pili msanifu hana haja ya kuandika tarakimu za mahali lilipo; hutamka uhusiano. Mhimili wa pete yake sharti uwe mmoja na mhimili wa pini. Kwa sentensi hiyo miendo minne imeondoka, ikabaki miwili: kuteleza juu na chini, na kuizunguka pini. Sentensi ya pili: uso wa chini wa pete hiyo sharti uguse uso wa juu wa pete ya bamba la kwanza. Kuteleza kumekwisha, kuzunguka kumebaki, na pasipo kuzunguka huko mlango haufunguki.

Nyuso bapa mbili zikigusana, peke yake sharti hilo huondoa miendo mitatu. Hapa limeondoa mmoja tu, maana miwili ilikwisha kuondolewa na sharti la mhimili. Basi minne na mitatu, katika hesabu hii, ni mitano.

Kizuizi huwekwa barabarani ili gari lisipite. Mwanafunzi aliyefundishwa neno hilo atadhani kazi imekamilika pale tu kipande kisipotikisika, naye ataunda bawaba isiyofunguka. Sharti, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, hubainisha linalotakiwa na kuliacha lisilotajwa. Tena lina sifa ya kisarufi ambayo wanaistilahi hawana budi kuizingatia: ni nomino yenye wingi, na papo hapo hutangulia kitenzi chenye kiishio -e (sharti uwe, sharti uguse). Lazima nayo hutangulia kitenzi vivyo hivyo, lakini hatusemi malazima matatu.

Faida ya masharti hudhihirika kipimo kinapobadilika. Kabati lina kimo cha sentimita 180, na rafu yake ya katikati imeandikiwa 90. Kabati likirefushwa hadi 200, rafu itasalia 90, nayo si ya katikati tena. Lakini ikiwa imetamkwa kwamba kimo cha rafu sharti kiwe nusu ya kimo cha kabati, itapanda yenyewe hadi 100. Wazo hili si geni: mwaka 1963 Ivan Sutherland, katika tasnifu yake ya MIT huko Marekani, alieleza programu ya Sketchpad, ambayo mchoraji aliweza kuiagiza mistari iwe sambamba nayo ikaipanga.

Masharti yanaweza pia kugombana. Pini mbili zilizoachana milimita 50 haziwezi kushirikiana mihimili na matundu yaliyoachana milimita 50.2; programu itakataa. Fundi wa karakana angelipanua tundu kwa tupa, lakini kompyuta haina tupa.

Tumesema miendo sita, wala hatukusema daraja za uhuru, kwa kuwa uhuru masikioni mwa msomaji wetu ni neno la siasa kwanza. Hata hivyo mwendo nao huashiria kitu kinachokwenda tayari, ilhali hapa ni uwezekano tu wa kwenda. Hilo tunawaachia wenzetu walijadili.