Dawa Inayoutafuta Uvimbe

Mama mmoja alinifuata baada ya kikao chetu cha akina mama kanisani, hapa Shinyanga, akanivuta hadi nyuma ya jiko. Mumewe huchenjua dhahabu huko Geita na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa miezi mitatu mama huyu alikuwa akitokwa damu kila baada ya tendo la ndoa. "Sista," akaninong'oneza, "mwanangu amesoma kwenye simu kuwa kuna dawa mpya ya chembe ndogo, inaiendea kansa peke yake. Si bora niisubiri hiyo?"

Nilimwambia palepale asisubiri. Lakini swali lake lina maana, na huenda nawe msomaji umesikia habari hizo.

Kansa ya shingo ya kizazi ikishasogea mbele, mgonjwa hupewa mionzi pamoja na dawa iitwayo sisplatini, kwa kawaida mara moja kwa wiki. Dawa hiyo huingia kwa dripu na kuzunguka mwili mzima. Huua seli za kansa, lakini figo nazo huumia, masikio huvuma, na kichefuchefu chake hakisemeki. Ndiyo maana tunakuongezea chupa za maji hata ukichoka kukimbilia chooni.

Wataalamu wakafikiri kuifunga dawa ndani ya vifuko vidogo mno. Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Vifuko vingi vina upana wa nanometa 100 hivi, na unywele mmoja huvizidi kwa mamia ya mara. Mishipa ya damu ya uvimbe hujengwa harakaharaka na huwa na nyufa, basi vifuko hupenya humo kuliko kwenye mishipa mizima. Vingine hupakwa kitu kinachoshika seli za kansa, kama zebaki inavyoshika dhahabu na kuuacha mchanga. (Zebaki yenyewe ni sumu, akina mama. Msikubali ichomewe jikoni.)

Hizi si ndoto. Mwaka 1995 Marekani iliruhusu dawa ya doksorubisini iliyofungwa katika vipovu vya mafuta, kwa wagonjwa wa UKIMWI wenye kansa ya Kaposi, na moyo huumia kidogo kuliko kwa ile isiyofungwa. Kwa shingo ya kizazi, watafiti wanajaribu hata jeli ya kuweka ukeni, maana uvimbe huo unafikika bila kupitia kwenye damu. Lakini bado ni majaribio. Mengi yaliyofaulu kwa panya yamekuwa na nguvu ndogo kwa binadamu, kwa sababu mishipa ya uvimbe wetu haivuji kama ya panya.

Hata hivyo, chembe ndogo ya namna nyingine imekwisha kutufikia. Chanjo ya kirusi cha HPV, ambacho ndicho chanzo cha karibu kansa zote za shingo ya kizazi, hutengenezwa kwa maganda matupu yanayofanana na kirusi hicho, yenye nanometa 55 hivi. Ndani hamna kitu cha kuleta ugonjwa. Mwili huyaona ukajifunza kupigana. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja tu, miaka 9 hadi 14. Mama mkwe mmoja aliniuliza kama inafunga kizazi. La hasha! Kansa ndiyo hufunga, siku mfuko wa uzazi unapoondolewa.

Sisi wakubwa tuna kipimo cha siki, cha dakika chache: panapogeuka weupe pana kasoro, na mara nyingi hutibiwa siku ileile. Anza ukifika miaka 30, au 25 kama unaishi na VVU, kwani hatari yako ni mara sita.

Anayehitaji mionzi huku kwetu halazimiki tena kusafiri hadi Ocean Road, Dar es Salaam. Bugando, Mwanza, wanayo. Watu wa Geita nao, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, hawasubiri kivuko.

Mama yule alitaka kwanza mumewe arudi, ndipo aombe ruhusa na nauli. Tulimpigia simu palepale nyuma ya jiko. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza basi la kwanza la Mwanza huondoka saa ngapi.